Mwiko Haukutaja Ziwa

Mimi sikuoga na mkwe wangu. Naanza na hilo ili hata atakayeishia mstari wa kwanza awe amepata la muhimu. Tulikutana majini. Kuoga ni jambo moja na kukutana ni jambo jingine, na wale kinamama waliokuwa wananong'ona nyuma yangu baada ya ibada, wakanyamaza nilipogeuka, wana akili ya kutosha kutenganisha hayo mawili. Lakini habari imeshavuka kutoka kwetu Izigo mpaka Rubya, na kila inapovuka kijiji inaongezwa chumvi. Sasa ngoja niieleze mwenyewe. Shule nilisoma kidogo, ila kusema ukweli hakuhitaji darasa la saba.

Binti yangu ni muuguzi Bukoba mjini. Ameolewa na Mhaya mwenzetu wa hapo hapo mjini, mtu mrefu, mwenye tumbo la mtu anayelishwa vizuri, na mwenye adabu nyingi. Hiyo adabu mtaisikia mbele. Mwaka huu binti yangu alianza kuumwa kichwa, akawa anameza dawa huku anaenda kazini, mpaka siku moja akaanguka nyumbani kwake akiwa ameshika sufuria. Kupimwa, presha iko juu kama mtu aliyekimbizwa na nyuki. Daktari akamwambia, "Wewe unauguza watu na mwenyewe unakwisha. Nenda mahali ambapo huwezi kufanya kazi. Usipopumzika kwa hiari, utapumzishwa."

Akanipigia simu.

"Mama, tunakwenda likizo. Kisiwani. Kuna bichi."

"Bichi ndiyo nini?"

"Mchanga wa kando ya ziwa."

"Mchanga uko hapa kwa jirani anayejenga choo. Njoo."

"Mama, huu ni wa kukaa tu."

"Mtu anakaa juu ya mchanga anangoja nini?"

Akacheka, na mimi nikatulia, kwa sababu kilikuwa kitambo sijasikia akicheka. Ziwa mimi ninaliona kutoka kibanjani kwangu, kwenye migomba yangu, asubuhi isiyo na ukungu, na visiwa vyenyewe naviona vimejilaza kule kama ng'ombe walioshiba. Lakini kwetu mtu huenda ziwani ana sababu. Anachota maji, ananunua samaki, anasafiri. Kwenda ziwani kukaa, hilo sikuwa nimelisikia. Nikakubali kwa jambo moja tu: ana mtoto wa miaka sita, msichana ambaye mdomo wake haujawahi kufungwa. Nikasema nitakwenda nimshike huyo mjukuu, ili mama yake alale.

Binti yangu hakuniambia kwamba na mumewe anakuja. Hakusema uongo, alinyamaza tu.

Nilifika mwaloni na mkungu wa ndizi, kikapu cha nguo, na kifuko cha akamwani, maana siwezi kwenda ugenini bila kahawa ya kutafuna ya kumpa mwenyeji. Boti ilikuwa imeshafungwa tayari pale. Binti yangu akanikumbatia. Mjukuu akanirukia. Halafu kule mbele ya boti nikaona mgongo.

Mgongo wa mkwe wangu naujua. Kwa miaka yote ya ndoa yao nimeuona huo kuliko uso wake.

Kwa yule asiye wa kwetu nieleze. Mama mkwe na mume wa binti yake hawazoeani. Hawashikani mikono. Hawali wakitazamana. Hawaketi kwenye kiti kimoja hata kwa zamu, na mguu wa mama mkwe, kuanzia kwenye shavu la mguu kwenda juu, mkwe hana habari nao. Wakikutana njiani, mmoja anaingia migombani mpaka mwenzake apite. Siku hizi wapo wanaopeana mikono, wapo hata wanaopiga picha pamoja wakichekeana. Hao ni wao. Mimi mama yangu hakunifundisha hivyo, na mkwe wangu, pamoja na umjini wake, na yeye mama yake hakumfundisha hivyo. Ndiyo maana alikuwa amekaa mbele kabisa ya boti amekumbatia mizigo, anatazama maji kama anayetafuta kitu alichodondosha.

"Mama, usirudi nyumbani," binti yangu akaninong'oneza. "Amepata ruhusa kazini jana. Nikimwacha nyumbani peke yake nitakaa kule nikimwaza."

Nikamtazama macho yake, yamezama. Nikapanda boti. Nikakaa nyuma kabisa, na mgongo wangu nikaupeleka upande wake. Mtu wa boti akasema tumekaa vizuri, uzito umelingana.

Kisiwa kilikuwa kizuri, siwezi kukinyima haki yake. Mawe makubwa ya duara, ndege weupe juu yake, maji unaona mpaka chini. Nyumba za wageni ziliezekwa nyasi. Mchanga nao ulikuwa mweupe, msafi, umetandazwa kama mtama ulioanikwa. Lakini nilipokanyaga tu nikaona tatizo. Hakukuwa na mgomba hata mmoja. Mtu ukitaka kumkwepa mkwe utaingia wapi? Mchanga unamwonyesha mtu mzima mzima, tangu kichwa mpaka vidole.

Basi tukagawana kisiwa. Mimi nikachukua baraza la nyumba yangu, juu kidogo. Yeye akachukua kibanda cha kulia chakula, kule chini karibu na jiko. Akitaka kutembea alikohoa kwanza, na mimi nikiteremka nilikuwa naongea na mjukuu kwa sauti ili ajue. Tukikutana kwa bahati mbaya, alifungua mwavuli. Mvua haikuwapo, alijikinga na mimi.

Neno likiwa la lazima lilipita kwa mjukuu. Ndivyo inavyofanyika, hata kama mnasikiana.

"Mwambie baba yako kofia yake inapeperuka."

Mtoto anageuka. "Baba, bibi anasema una kipara!"

Kutoka nyuma ya mwavuli: "Mwambie bibi nashukuru."

Baadaye kidogo: "Mwambie bibi huku chini pana kivuli kizuri, ahamie, mimi nitapanda huko juu."

"Bibi, baba anasema hama!"

Mama yake alicheka siku ya kwanza. Siku ya pili hakucheka, na mtoto mwenyewe akachoka, akasimama katikati ya mchanga na mikono kiunoni. "Mbona mnasikiana? Kwani na masikio yana mwiko?"

"Nenda kacheze," nikamwambia.

Kilichonisumbua mimi ni chakula. Jiko lilikuwa chini. Mama aliyetupikia, mtu wa Ukerewe mwenye vicheko, alikuwa anapakua vizuri, samaki sato mzima na ndizi zangu nilizokuja nazo. Lakini hakujua taratibu zetu, na binti yangu hakutaka nihudumiwe na mgeni. Kwa hiyo analeta samaki wangu juu. Anashuka kumpa mumewe. Anakumbuka chumvi, anapanda. Anakaa nami anamega kidogo nisile peke yangu, halafu anashuka kumega na mumewe asile peke yake. Maji ya kunawa, juu. Pilipili, chini. Nikimwambia mwanangu kaa, anasema, "Nimekaa, mama," huku amesimama. Nilikuja kumpumzisha, na sasa alikuwa anatembea kuliko akiwa wodini. Mshipa wa shingoni niliuona ukicheza nikiwa nimekaa mbali naye.

Mchana wa siku hiyo ya pili alitoka jikoni na sinia. Lilikuwa na samaki, ndizi, mchuzi, kila kitu. Akafika nusu ya njia, katikati kabisa, kati ya baraza langu na kibanda cha mumewe. Akasimama. Akaliweka sinia chini kwenye mchanga, na yeye akakaa kando yake.

"Mimi nimefika," akasema, si kwa sauti kubwa. "Anayetaka kula atanikuta hapa."

Niliangalia ziwa. Mkwe wangu aliangalia mlima. Kisiwani hakuna mlima, lakini aliuangalia. Mjukuu peke yake ndiye aliyekimbia, akakaa, akamega.

"Bibi, samaki mtamu! Baba, mtamu! Mnakosa!"

Hakuna aliyenyanyuka. Binti yangu alikula matonge mawili, akanawa, akaingia ndani akisema kichwa kinamgonga. Akafunga mlango.

Mama mpishi akaja kuliokota sinia. Akanitazama mimi, akamtazama yule kule chini.

"Bibi, kwani ninyi mmegombana nini?"

"Hatujagombana. Tunaheshimiana."

"Ee!" akasema. "Heshima gani hii inamlaza mtu na njaa?" Akaondoka na sinia lake.

Usiku nikaamua. Asubuhi inapita boti ya samaki kurudi nchi kavu, nitaondoka nayo. Mimi nikiwa sipo, meza itabaki moja, na binti yangu atakaa. Alfajiri nikafunga kikapu. Lakini siwezi kusafiri bila kujimwagia maji, na kule nyuma ya lile jiwe kubwa la mwisho nilikuwa nimepaona pazuri, pamejificha. Hapana majani, na yule mama mpishi alisema hapana mamba wala kiboko. Nikajifunga khanga mbili juu ya blauzi, nikaingia.

Sitasema nilifurahi. Nasema maji yalikuwa ya uvuguvugu. Nilikwenda mpaka magotini, nikaona bado yananiita, nikaenda mpaka kiunoni, mpaka mabegani. Magoti yangu haya, yanayolia kila nikiinama kupalilia, yakanyamaza. Mwili ukawa mwepesi kama wa msichana. Khanga ikafumuka pande zote kama ua la boga, na mimi nikainua mguu mmoja kutoka chini, nikauona unaelea, nikainua na wa pili. Kweli nilielea. Hilo kinamama hawakulisikia, nawapa bure.

Nikasikia mtu anakohoa.

Upande wa pili wa jiwe kilikuwapo kichwa. Kichwa cha mkwe wangu, chenye kipara kweli. Na yeye alikuwa amekuja kule nyuma ili asikutane nami, akaingia kwa upande wake, akazunguka jiwe akiwa majini mpaka shingoni.

"Mama!" Akafumba macho, akanisihi kwa Kihaya. "Mama, nisamehe, waitu. Nimefumba macho."

"Ukifumba utazama. Geuza shingo."

Akageuza. Na mimi nikageuza. Sote tukawa tunatazama nchi kavu kule ng'ambo, ambako jua lilikuwa linaanza kugusa milima ya Muleba.

"Toka wewe kwanza," nikamwambia.

"Mama, siwezi. Nimevaa kaptura."

"Ya kufika wapi?"

"Fupi, mama."

"Basi baki."

"Toka wewe, mama. Mimi nitatazama kule kule."

"Khanga zimelowa. Zimenishika mwilini. Kutoka hapa mpaka penye kitenge changu ni mchanga mtupu."

Samaki wadogo walikuwa wananinyonya vidole vya miguu, nikavumilia. Halafu akasema, bila kugeuka, "Mama, afadhali nimekukuta. Nilikuja kukaa majini niwaze. Boti ya samaki ikija, mimi nataka nirudi Bukoba. Nikiondoka mtakula wote pamoja, na yeye atakaa."

"Kikapu changu mimi nimeshakifunga," nikasema.

"Wewe, mama? Ukiondoka atalia."

"Na ukiondoka wewe?"

"Atalia."

"Tukiondoka wote wawili?"

Akafikiri. "Atajua tumezama."

Nilicheka. Sikukusudia, maji ndiyo yalinichekesha. Na yeye akacheka, tumbo lake likasukuma mawimbi mpaka upande wangu. Halafu akaacha.

"Siku ile aliyoanguka, mama, mimi ndiye niliyemshika. Nilidhani amekwenda. Alipofumbua macho, neno la kwanza akaniuliza kama nimeshakula."

Huyo alikuwa binti yangu kweli, hakubadilishwa hospitali. Nikanawa uso, na ukiwa ziwani hakuna anayejua umenawa nini.

Hapo ndipo nilipoanza kuupitia mwiko, kimoja kimoja, kama mtu anayechambua maharage. Mama yangu alinifundisha tukiwa tumekaa mafigani, na alikuwa mama wa kutaja kila kitu. Alitaja njia. Alitaja mlango na kitanda. Alitaja mkono, kiti, sahani, uso wa mtu anayetafuna. Alitaja mguu. Ziwa hakulitaja. Hakulitaja kwa sababu hakuwaza kwamba binti yake atakuwa mjinga wa kuingia humo, lakini hakulitaja. Na pale tulipokuwa, mguu ulikuwa umefunikwa kuliko gauni la gomesi linavyoweza kuufunika. Njia haikuwapo, nyumba haikuwapo, nyuso zetu zilikuwa Muleba.

"Sikiliza," nikamwambia. "Haya tuyamalize hapa hapa, tukitoka tusirudie kuongea. Kule kibandani kuna mabenchi mangapi?"

"Mawili, mama."

"Yageuzwe. Yakae mgongo kwa mgongo, meza katikati yake. Wewe utatazama jiko, mimi nitatazama ziwa. Mama yangu alikataza tusitazamane tukila. Migongo hakuikataza kukaa jirani. Mke wako atakaa kwenye kiti, pale mwisho, katikati yetu, chakula chote mbele yake. Hanyanyuki. Anayetaka chumvi ananyoosha mkono nyuma."

"Na tukigusana mikono, mama, kwenye hiyo chumvi?"

Nimesema ana adabu. "Wewe utatia chumvi kwanza," nikamwambia, "uondoe mkono, ukohoe."

"Sawa, mama. Asante, waitu."

Ndipo tukasikia sauti juu ya jiwe. Mjukuu, na gauni lake la kulalia.

"Mama! Mama, njoo! Bibi na baba wanaongea wenyewe! Bila mimi!"

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Binti yangu akaja mbio peku, kitenge hakijakaa, uso wa mtu anayetegemea kuona maiti. Akafika kwenye jiwe. Akaona vichwa viwili juu ya maji kama maboga yaliyochukuliwa na mafuriko, vyote viwili vinatazama ng'ambo. Akashika mdomo. Halafu akakaa pale pale juu ya jiwe, akacheka. Alicheka mpaka akalala chali. Alicheka kile kicheko chake cha usichana, kinachoishia kwa kukwama kama kuku aliyemeza mfupa.

"Mama! Umeingia ziwani!"

"Nimeingia. Na wewe inuka hapo, utaumwa kichwa. Mshike mtoto, mgeukie kule wote wawili, baba yake atoke. Kaptura ni fupi."

"Bibi, fupi sana?" mjukuu akauliza.

"Mwambie baba yako," nikasema, na ilibidi ipite kwa mtoto, kwa sababu miguu yake ilikuwa inakaribia mchanga na ziwa lilikuwa linaisha, "mwambie atembee haraka."

Boti ya samaki ilipita, hatukuipungia mkono.

Mchana mabenchi yalikuwa yamegeuzwa. Mama mpishi alipoona akaweka mkono kiunoni. "Sasa hii ndiyo nini? Basi la abiria?" Nikampa akamwani atafune, na mdomo ukapata kazi. Binti yangu alikaa kwenye kiti chake pale mwisho kama mwenyekiti wa kijiji, samaki mbele yake, mumewe kulia, mimi kushoto, mtoto chini ya meza. Mkwe wangu alitia chumvi, akakohoa. Nikanyoosha mkono nyuma, nikatia. Hakuna aliyekufa. Binti yangu alitaka kunyanyuka kufuata pilipili, na sauti mbili, moja kulia na moja kushoto, zikamwambia, "Kaa!"

Akakaa. Alikula samaki wake mpaka kichwa. Kisha akaenda kivulini, akajinyoosha juu ya mkeka, kwenye ule mchanga wa kukaa tu. Alilala mpaka jua likamfikia, akasogezwa na mkeka wake, akaendelea kulala. Alipoamka mistari ya mkeka ilikuwa imejichora shavuni. Nilimtazama shingoni. Ule mshipa haukuwa na haraka.

Siku zilizobaki tulikula hivyo. Na asubuhi niliingia majini, peke yangu, upande wangu wa jiwe, na aliyepita kwa mbali akakohoa alijibiwa kikohozi. Basi. Hayo ndiyo yaliyotokea, na aliyepeleka habari Rubya kwamba nilivaa nguo ya kuogelea akazitafute khanga zangu kwenye kamba ya nguo. Zipo, mbili.

Mwiko sikuuacha. Juzi mkwe wangu alikuja Izigo kuchukua ndizi, nikamwona anateremka njia ya kwenda kwangu. Nikaingia migombani kama inavyotakiwa. Yeye akasimama njiani, akanipa mgongo, akakohoa. Majani yalikuwa katikati yetu, mapana, yametufunika vizuri. Nikayapitia tena maneno ya mama yangu. Alisema uingie migombani. Hakusema ukishaingia uwe bubu.

"Presha yake ikoje?" nikaliuliza jani.

"Imeshuka, mama."

"Anakula amesimama?"

"Anakaa, mama. Na kule nyumbani tumegeuza benchi kama la kisiwani. Anasema ni la kwako ukija."

"Pita," nikamwambia. "Mkungu uko mlangoni, ule mkubwa. Usimwache aubebe yeye."